Milango Hamsini na Miwili

Jumatatu, 3 Machi

Nimepata kazi! Ni ya msimu huu wa mvua tu, mpaka Mei, lakini heri kenda shika kuliko kumi nenda uje. Nitakuwa mdadisi: napita nyumba kwa nyumba na dodoso mkononi, nauliza maswali kumi na mawili, naandika majibu. Ofisi imetupa madaftari mawili kila mmoja, moja la kazi na moja la akiba. La akiba nimejipa mimi, ndilo hili.

Utafiti wenyewe unamhusu muuguzi wa majumbani, yule anayewafuata wagonjwa wasioweza kufika zahanati. Ana watu thelathini tu kwenye orodha yake, na ofisi ya afya inaona ni wachache mno kwa eneo lenye nyumba elfu moja na mia mbili. Inataka kujua kama wapo wengine. Ikibainika kwamba angalau nyumba moja kati ya kumi inamhitaji, atabaki na ataongezewa mwenzake. La sivyo, mvua zikiisha huduma inafungwa.

Nisichomwambia mtu yeyote pale ofisini ni kwamba mmoja wa wale thelathini ni Baba. Tangu kiharusi kilipompiga mwaka jana, muuguzi huja kwetu kila Jumanne na Ijumaa. Ndiye aliyemtoa kitandani akamfikisha kwenye kiti. Akiondolewa, itabidi niache kazi nikae na Baba, na hapo tutakula upepo. Basi nikamtazama msimamizi machoni, nikatia saini, nikanyamaza.

Jumanne, 4 Machi

Mafunzo. Wadadisi tuko wanne. Msimamizi ni mwanamume mwembamba, shati limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata, kalamu tatu mfukoni na rula ya chuma mkononi. Nimeshampa jina: Bwana Rula.

Alianza kwa kutuambia kwamba hatuwezi kuziuliza nyumba zote, kwa hiyo tutachukua mia mbili na arobaini ziseme kwa niaba ya wenzao. Hiyo ndiyo sampuli. Nikanyoosha mkono: kwa nini tusiende tu kwenye nyumba tunazojua zina wagonjwa, tukamaliza mapema?

"Dada," akasema, "ukitaka kujua ni watu wangapi mjini wanapenda samaki, utakwenda kuwauliza waliosimama kwenye meza ya samaki?"

Wenzangu wakacheka. Nikacheka na mimi, shingo upande.

Akavuta namba kwenye kopo, ikatoka tatu. Basi: nyumba ya tatu kwenye orodha, ya nane, ya kumi na tatu, kila ya tano hivyo hivyo mpaka mwisho. Huo ndio unasibu, kila nyumba ina nafasi sawa na mwenzake na hakuna wa kumwonea wala wa kumpendelea. Kisha akaifungia orodha kabatini. Kila mtu kapewa nyumba zake sitini tu, na hakuna anayepangiwa mtaa anaoishi. Ukikuta hakuna mtu, urudi siku nyingine, na siku nyingine tena. Ikishindikana mara tatu, unachukua nyumba ya kulia kwake iwe badala.

Jioni nilimsimulia Baba. Alikuwa mwokaji mikate miaka arobaini, na sasa maneno yake hutoka moja moja, lazima uwe na subira.

"Trei," akasema. Nikangoja. "Mikate sitini. Unakata mmoja. Kuona kama... imeiva."

"Ehe?"

"Usikate wa mbele tu. Wa pembeni. Ndio unaoungua."

Nikamwambia, "Baba, ungefaa kuwa msimamizi wetu."

"Mshahara?" akauliza.

Ijumaa, 7 Machi

Nyumba sita. Mbwa wawili. Mvua imeanza.

Jumatatu, 10 Machi

Kazi hii inataka uso mkavu. Mzee mmoja kaniuliza nimewaletea nini. Nikamwambia maswali. Akasema maswali anayo ya kwake ya kutosha. Mwingine, kijana, kajibu yote kumi na mawili, na mwishoni ndipo akaniambia kwamba si kwake pale, kaja kuchaji simu.

Swali ninalolingoja ni la saba: *Je, katika nyumba hii yupo mtu asiyeweza kufika zahanati, anayehitaji kutembelewa na muuguzi?* Hapana. Hapana. Hapana, tunamshukuru Mungu sote wazima. Na mimi naitikia, "Tunamshukuru," huku roho inanikwaruza. Nyumba kumi na nane, ndiyo moja.

Ijumaa, 14 Machi

Leo nimeumbuka.

Nilikuwa sebuleni kwa mama mmoja, na mama mkwe wake kakaa pembeni anachambua mboga. Badala ya kusoma swali la saba lilivyoandikwa, nikasema, "Mama, huyu bibi na umri wake huu, si ingekuwa vizuri muuguzi awe anampitia?"

"Ingekuwa vizuri sana," mama akasema. Nikatia alama kwenye NDIYO.

Bibi akainua kichwa. "Anipitie wapi? Mimi saa mbili asubuhi nishafika sokoni!"

Nyuma yangu mlangoni mtu akasafisha koo. Kumbe Bwana Rula kanifuata kukagua. Nje, chini ya mwavuli wake, akaniambia, "Lile linaitwa swali elekezi. Umemshika mkono ukampeleka kwenye jibu unalolitaka wewe. Umeuliza hivyo nyumba ngapi?"

Nilitafuta uongo wa haraka haraka, haukuja. "Kumi na moja."

Akazitoa fomu kumi na moja kwenye mkoba wangu, akazichana moja moja kwa kufuatisha ile rula. "Rudia zote. Soma kilichoandikwa."

"Lakini mzee, kama watu wanamhitaji kweli..."

"Kama wanamhitaji, watasema. Ukiinamisha mizani upande wako leo, kesho mwingine ataiinamisha upande wake, na huyo atakuwa na nguvu kuliko wewe."

Nimemchukia kutwa nzima. Kwenye zile kumi na moja nilikuwa na ndiyo saba. Nimezirudia, imebaki moja. Yule bibi wa mboga kaniuliza kama ofisi yetu haina kazi nyingine.

Jumanne, 18 Machi

Jumanne huwa natoka nikichelewa kidogo ili nimwone muuguzi. Baba anamwita Afande, maana akishaingia ni amri tu: "Inua! Shusha! Nani kakwambia upumzike?" Baba analalamika, lakini kila Jumanne nikimchungulia kabla ya saa tatu namkuta kashachana nywele.

Afande ana ufunguo wake. Kutoka kitanda cha Baba mpaka mlango wa mbele ni hatua kumi na nne, na Baba haziwezi. Leo kapiga tano, akiegemea gongo. Tano! Afande kampigia makofi, Baba akajifanya hakusikia.

Sikuweza kumtazama Afande usoni. Anajua utafiti upo, hajui hesabu inavyokwenda. Na mimi siruhusiwi kusema.

Ijumaa, 21 Machi

Mvua. Viatu vimeachia soli.

Jumatano, 26 Machi

Mvua ya kutwa, haikukata hata dakika moja. Nimerudi nimekuta Baba ana jeraha gotini. Anasema kigoda kimemgonga. Nikamwambia, "Kigoda kimekufuata kitandani?" Akageukia ukutani. Nimemsafisha, nimempaka dawa. Hakula vizuri.

Jumatatu, 31 Machi

Mwenzetu tunayemwita Mbio kamaliza nyumba zake sitini, na mimi bado nina kumi na nne. Fomu zake ni safi, hazina hata tone la maji. Bwana Rula kamsifu mbele yetu sote. Nimeona wivu, sitaki kujidanganya.

Ijumaa, 4 Aprili

Nimemaliza. Ndiyo tatu. Nimelala na nguo za kazi.

Jumanne, 8 Aprili

Fomu zote zimefika. Kati ya nyumba mia mbili na arobaini, zilizosema ndiyo ni tisa. Zinatakiwa ishirini na nne.

Nilipofika nyumbani nilisema naumwa kichwa. Baba akaniita nikae kitandani kwake, akaniwekea mkono wake wa kushoto, ule mzima, kwenye paji la uso, kama nilipokuwa mtoto. "Huna homa," akasema. Nikamwambia haya, sina.

Ijumaa, 11 Aprili

Sijui nianzie wapi.

Asubuhi Bwana Rula kanipa kazi ya kupanga fomu kwenye mafaili. Nikafika rundo la Mbio. Nikaona jina la mtaa wetu, sikushtuka, nilijua lazima kuna mtu alipangiwa. Kisha nikaona namba ya nyumba. Arobaini na saba. Ni kwetu.

Juu pameandikwa: *Jumatano, 26 Machi. Saa nne na dakika tano, hakuna mtu. Saa nne na robo, hakuna mtu. Saa nne na nusu, hakuna mtu. Nyumba ya badala: 49.* Arobaini na tisa ni jirani yetu fundi bomba, yeye na mkewe na wanawe wanne, wote wazima kama ng'ombe. Swali la saba: HAPANA.

Hakuna mtu! Nilisoma maneno hayo mpaka herufi zikaanza kucheza. Baba alikuwa ndani. Baba yuko ndani siku zote.

Halafu nikaitazama tena ile tarehe, nikalikumbuka lile goti. Niliomba ruhusa, nikaenda nyumbani mbio na mvua yote ile. Afande alikuwa ameshaondoka. Baba alikuwa kwenye kiti, anasikiliza redio.

"Baba, siku ile uliyoumia. Kuna mtu aligonga?"

Akazima redio. Akalishika lile goti.

"Nilisikia hodi," akasema. "Nikasema... nakuja. Nikasema kwa nguvu. Mvua juu ya bati. Hakusikia."

"Akaondoka?"

"Akarudi. Nikasimama. Nikapiga hatua... sita." Akanionyesha kwa vidole, na hapo akatabasamu kidogo, eti zilikuwa sita, rekodi. "Nikaanguka. Aligonga mara ya tatu niko chini. Nikapiga sakafu na kiganja. Hakusikia. Nikatambaa... kurudi kitandani."

"Baba! Kwa nini hukuniambia?"

"Ungeacha kazi."

Nilipiga magoti nikaweka kichwa mapajani pake nikalia. Nilimlilia yeye pale sakafuni akipiga kiganja, na mimi wakati huohuo niko mtaa wa tatu nabisha hodi kwa watu wengine. Alinipigapiga mgongoni. "Mama," akasema, maana huniita hivyo kwa kuwa nina jina la mamake, "ulikuja kwa nini saa hizi? Watakukata mshahara."

Niliporudi ofisini nilihesabu fomu zote za nyumba za badala, za Mbio na za kila mtu, zangu zikiwemo. Ni hamsini na mbili. Zangu ni kumi na moja. Milango kumi na moja niliyogonga mwenyewe kwa siku tatu tofauti kama tulivyoagizwa, nikangoja dakika moja, mbili, nikaandika hakuna mtu, nikageuka kulia. Ndani kulikuwa na nani? Nimekaa na kalamu hii nazikumbuka moja moja. Ule wa bluu, wenye viatu vya kiume nje. Nilidhani vimesahauliwa. Tulikuwa tunatafuta watu wasioweza kusimama, na tumewauliza waliokuja kutufungulia. Baba aliniambia tangu siku ya kwanza nisikate mikate ya mbele tu, na mimi nikacheka.

Jumatatu, 14 Aprili

Nilifika kabla ya wenzangu. Bwana Rula alikuwa anachora mistari ya jedwali la ripoti. Niliweka fomu ya nyumba arobaini na saba mbele yake.

"Hapa kulikuwa na mtu," nikasema.

"Umejuaje?"

Siku mbili nzima nilikuwa nimepanga maneno mazuri, yote yakaniruka. "Ni baba yangu. Ana kiharusi. Yumo kwenye wale thelathini. Nilikuficha tangu siku ya kwanza."

Akaiweka rula chini. "Kwa nini hukuniambia?"

"Ungeninyima kazi."

"Ningekunyima," akasema bila kusita. "Ndiyo maana siku ile uliuliza vile?"

"Ndiyo."

Nilingoja aseme nirudishe mkoba. Badala yake akavuta faili la nyumba za badala, akaanza kufungua moja moja. Mbio alikuwa ameandika mara tatu ndani ya nusu saa kwenye fomu kumi na tisa, na Bwana Rula alikuwa amezipitisha zote kwa saini yake mwenyewe. Aliitazama ile saini kwa muda.

"Nimekuwa nikifundisha upendeleo miaka kumi na sita," akasema. "Nawaambia watu, upendeleo si lazima umpende mtu wala umchukie. Unaweza kuwa kwenye njia yenyewe ya kuuliza. Kisha naandika dodoso la wagonjwa wasioweza kutembea, naagiza liulizwe mlangoni, kwa yeyote atakayefika mlangoni."

Nilikuwa nimemzoea mkali. Huyu mwenye mabega yaliyoshuka sikumzoea.

"Utanifukuza?" nikauliza.

"Wewe hutagusa fomu yoyote ya mtaa wenu, na nitaandika kwenye ripoti kwamba mdadisi mmoja ana mgonjwa kwenye huduma hii. Hilo halikwepeki. Lakini milango hamsini na miwili haijui wewe ni binti wa nani. Tunairudia yote."

"Na ofisi ikisema muda umekwisha?"

"Nitawaambia kosa ni langu. Ni kweli, kwa hiyo si kazi kulisema."

Jumatano, 16 Aprili

Ofisi imetupa mpaka tarehe tisa Mei.

Mbio alipoambiwa ile nyumba ilikuwa ya nani, alikaa chini kwenye ngazi. Nilikuwa nimejiandaa kumrarua, wallahi, maneno yalikuwa tayari mdomoni. Akasema, "Dada, nilisikia kitu kinagonga ndani. Nikadhani ni maji yanadondoka." Maneno yangu yote yakayeyuka.

Jioni alikuja nyumbani kumwomba Baba radhi, na mkate wa dukani mkononi. Kumletea mwokaji mkate! Baba aliupokea, akauminya, akaunusa, akaugonga chini kwa kidole. Mbio kasimama kama mshitakiwa.

"Huu," Baba akasema, "umeokwa na adui."

Tukacheka mpaka Mbio akajifuta macho. Kisha Baba akaukata na tukaula wote watatu, na yeye ndiye aliyekula vipande vingi.

Jumanne, 22 Aprili

Utaratibu mpya: unabisha hodi, unaita kwa sauti, unaweka sikio mlangoni, unangoja robo saa nzima. Unazunguka dirishani. Unauliza jirani kama kuna mtu ndani, lakini jirani hajibu badala yake. Na tunakwenda hata jioni, wakati waliokwenda kazini wamerudi, maana wapo na wale waliokosekana kwa sababu za kawaida tu.

Mlango wa bluu wenye viatu. Dakika ya nane nikasikia sauti: "Sukuma, haujafungwa!" Ndani kuna mzee aliyekatwa mguu, peke yake mpaka bintiye atoke kazini. Viatu ni vyake, vyote viwili. Nikamsomea swali la saba, neno kwa neno. "Kumbe kuna muuguzi wa hivyo?" akauliza. "Kwa nani mtu anajiandikisha?"

Ndiyo zimefika kumi na nne.

Ijumaa, 25 Aprili

Nyumba nne. Mbili tupu kweli kweli. Mmoja kiziwi, tulielewana kwa maandishi, na alikuwa na mengi ya kusema.

Jumatano, 30 Aprili

Leo ilikuwa zamu ya nyumba yetu. Bwana Rula kaja mwenyewe. Mimi siruhusiwi kuwa ndani wala kumwandaa Baba kwa lolote. Nilimwambia tu, "Leo kuna mtu atakuja kukuuliza maswali," nikaenda kukaa barazani kwa fundi bomba.

Saa tisa kamili Bwana Rula akabisha. "Hodi! Hodi ndani!" Mvua ilikuwa ya rasharasha. Kimya. Akaita tena, akaweka sikio mlangoni, akainua kichwa na kusema, "Nakusikia, mzee. Chukua muda wako, sina haraka." Kisha akakunja mwavuli, sijui kwa nini, labda ulikuwa unapiga kelele, akasimama pale akilowana.

Niliangalia saa yangu. Dakika tano. Mke wa fundi bomba alinishika mkono. Dakika ya tisa kikasikika kishindo, nikasimama, Bwana Rula akaninyooshea kiganja bila kugeuka: kaa. Kumbe ni gongo limeanguka. Dakika ya kumi na mbili kitasa kikazungushwa.

Baba alikuwa mlangoni. Kasimama! Kavaa shati lake jeupe la kazini, vifungo vimepishana, kashika fremu ya mlango kwa mkono wa kushoto na jasho linamtiririka. "Karibu," akasema.

Walizungumza kama nusu saa. Bwana Rula alipotoka alinipungia mkono tu, akaenda zake. Majibu ni siri ya mhojiwa. Niliingia ndani nikamkumbatia Baba nusura nimwangushe.

"Hatua kumi na nne, Baba! Ngoja Afande asikie! Haya, kakuuliza nini?"

"Mengi." Alikuwa amechoka lakini uso unang'aa. "Kaniuliza kama... nahitaji muuguzi."

"Ukasema?"

"Nikasema hapana."

Nilidhani sikumsikia vizuri. "Umesema nini?"

"Hapana. Mimi nimefika mlangoni. Wapo wasiofika." Akavuta pumzi. "Muuguzi ni mmoja. Nimempisha mwingine."

Ewe Mola! Nilikaa chini. Miaka arobaini amegawa mikate kwenye foleni, na alijua kabisa kwamba ukichukua wa ziada, wa mwisho anakosa. Nikamweleza taratibu: si foleni, Baba. Wanahesabu tu. Kila anayesema hapana, huduma inasogea karibu na kufungwa. Wakifika ishirini na nne muuguzi anabaki. Wasipofika, anaondoka kwa wote.

Uso wake ulishuka. "Mwite," akasema. "Mwite arudi."

Nilifika mlangoni. Bwana Rula alikuwa bado hajafika kona, ningemwita kwa sauti moja tu. Mdomo nikaufungua. Lakini nani kamwambia Baba jibu sahihi ni lipi? Mimi. Nimemshika mkono nimempeleka kwenye jibu ninalolitaka, kama wale kumi na mmoja wa mwezi wa Machi, na safari hii ni baba yangu mwenyewe. Nikimwita, kesho mtu yeyote atakayetaka kuitupa ripoti ana haki ya kuuliza: na wale wengine walifundishwa na nani? Mzee wa viatu viwili, yule kiziwi, wote wataingia kwenye shaka kwa sababu yetu.

Nilisimama pale mpaka akapotea. Kisha nikafunga mlango.

"Amekwenda," nikamwambia Baba. Hakunilaumu. Ningependa angenilaumu.

Jumatatu, 5 Mei

Ndiyo ishirini na moja. Milango imebaki tisa.

Jumanne, 6 Mei

Baba: "Wamefika wangapi?"

"Siruhusiwi kusema."

"Hata baba yako?"

"Hata baba yangu."

Alimgeukia Afande aliyekuwa anamnyoosha mguu. "Unaona niliyemzaa?"

Afande kacheka. Baba hakucheka. Leo hakulalamikia zoezi hata moja, kafanya yote aliyoambiwa, na Afande kaniuliza pembeni kama kuna tatizo. Nimesema ni mvua tu.

Alhamisi, 8 Mei

Milango miwili imebaki. Ishirini na tatu.

Ijumaa, 9 Mei

Nilikuwa na mlango mmoja, Mbio ana mmoja. Wangu ulikuwa wa dereva aliyekuwa safarini siku zile zote, mzima, mkarimu, kanikaribisha chai. Swali la saba: hapana, kwetu hakuna. Nilimshukuru. Nilitia alama kwenye HAPANA vizuri, katikati ya kisanduku, nikaondoka.

Ofisini tulimngoja Mbio. Saa kumi. Saa kumi na moja. Bwana Rula ananoa penseli ambazo zilishanolewa. Mbio, mtu ambaye hajawahi kuchelewa maishani mwake! Saa kumi na moja na nusu akaingia, kalowa chapachapa, fomu kaificha ndani ya shati.

"Nilingoja dakika arobaini," akasema. "Nilisikia kitu kinagonga ndani."

Ni mama mwenye uvimbe wa miguu na mtoto mchanga, hawezi kushuka ngazi. Alikuwa anagonga ukuta kwa kijiko.

Ishirini na nne.

Bwana Rula alihesabu fomu zote upya, moja moja, mara mbili, tukiwa tumemzunguka. Ishirini na nne kati ya mia mbili na arobaini. Kisha alivua miwani, akageukia dirishani, na tukajifanya tunapanga viti.

Jumanne, 13 Mei

Barua imetoka. Afande anabaki, na mwenzake anaanza mwezi ujao.

Bwana Rula kanipa nakala ya ripoti na ameniomba nifanye naye utafiti mwingine, safari hii bila kufichana. Nimeisoma yote. Imeandikwa humo kwamba mdadisi mmoja alikuwa na mgonjwa, kwamba awamu ya kwanza ilikuwa na kasoro na kasoro ni ya msimamizi, na kwamba majibu yote yamenukuliwa kama yalivyotolewa na wahojiwa wenyewe.

Mvua imekata tangu asubuhi. Kutoka chumba cha pili namsikia Afande, "Inua! Hapo ndipo ulipofikia?" na Baba anamjibu kwamba afadhali wangemfukuza. Humu inakadiriwa kwamba nyumba mia moja na ishirini, kati ya elfu moja na mia mbili, zina shida kama yetu. Yetu haimo. Nyumba namba arobaini na saba, swali la saba, imeandikwa HAPANA, kwa mwandiko ulionyooka wa Bwana Rula. Ni uongo, na mimi namjua aliyeusema, na ninampenda.